Mbwa si Samaki

Kila mtu aliyeandika insha ya Kiswahili katika shule ya msingi Kenya amewahi kuitumia methali hii: samaki mkunje angali mbichi. Mimi niliichomeka kwenye insha zisizopungua kumi, hata pale ambapo haikuhitajika, kwa sababu mwalimu alikuwa anaipigia mstari mwekundu na kuandika "vizuri". Leo nataka kuigombania. Kwa watoto wa watu sina neno, wazazi wataamua wenyewe. Ninachokataa ni jinsi tunavyoitumia kwa mbwa.

Samaki ukishamkunja na akakauka, kazi imeisha. Mning'inize juu ya meko mwaka mzima, utamkuta amejikunja vilevile. Na ndivyo tunavyodhani kuhusu mbwa. Mfundishe akiwa mdogo, "kaa", "njoo", "acha", miezi miwili mitatu, basi, umemaliza. Mwaka ukipita na mbwa akakataa kuja ukimwita, tunasema amesahau. Au ameharibika. Au ni wa kienyeji, kwani ulitarajia nini? Hakuna anayeuliza mara ya mwisho kumfanyisha mazoezi ilikuwa lini.

Nina haki ya kukasirika, kwa sababu nilikuwa na Bosco.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa kidato cha tatu. Nilirudi nyumbani Lurambi nikakaa zaidi ya miezi tisa bila kazi ya maana. Bosco alikuwa mtoto wa miezi mitatu, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, lingine limelala, mama yake anajulikana na baba yake ni siri ya mtaa. Sikuwa na pesa za mkufunzi. Nilikuwa na bando za usiku, video za YouTube, na omena ambazo mama alinunua sokoni akidhani tunazila sisi. Kufikia Desemba Bosco alikuwa anakaa, analala chini, anasubiri getini mpaka aambiwe atoke, na akisikia "Bosco, njoo!" anaacha hata mfupa. Watoto wa jirani walikuwa wanapanda ua kuja kumwangalia. Walimwita mbwa wa polisi.

Januari 2021 nikarudi bweni. Baadaye nikaenda chuo. Julai 2023 nikapigiwa simu. Geti lilikuwa limeachwa wazi, boda boda ikapita, Bosco akaifuata. Mdogo wangu akamwita, "Bosco, njoo! Bosco!" Hakugeuza hata kichwa. Mwendeshaji alijaribu kumkwepa, akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Bosco hakupata hata mkwaruzo. Familia ikalipa hospitali, ikaomba msamaha, na jioni hiyohiyo mjomba akasema mbwa asiyesikia hafai kuwekwa kwenye boma la watu. Asubuhi alipewa nyama yenye sumu.

"Bro, alikuwa amesahau kila kitu," mdogo wangu aliniambia.

Niliamini hivyo kwa mwaka mzima. Kisha nikaacha chuo, nikarudi nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa na muda nikaanza kuuliza maswali. Nani alikuwa anamwita? Saa ngapi? Kwa nini? Majibu yalinikata maini. Kila asubuhi saa kumi na mbili mtu alisimama kando ya kibanda akasema, "Bosco, njoo." Bosco akija, anafungwa mnyororo mpaka usiku uingie. Akila kitu cha jikoni, "Bosco, njoo hapa!" Akija, fimbo. Kwa miaka miwili na nusu, neno ambalo nilimfundisha kwa omena lilikuwa linamaanisha mnyororo na fimbo.

Sasa niambie, alisahau nini hasa? Alijifunza vizuri kuliko sisi sote. Alijifunza kwamba ukisikia "njoo", maisha mazuri yamekwisha, kwa hivyo ukiwa huru, kimbia. Siku ile barabarani alijibu swali sawasawa kulingana na somo alilofundishwa mwisho. Sisi ndio tuliobadilisha somo, tukamuua kwa kufaulu mtihani.

Hicho ndicho ninachotaka tuelewane. Mbwa haachi kujifunza siku unayoacha kufundisha. Ukiacha wewe, geti litamfundisha, mnyororo utamfundisha, pikipiki itamfundisha, shangazi mwenye mwiko atamfundisha.

Watu wengi wanamjua Ivan Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa usagaji wa chakula. Lakini wanajua nusu ya hadithi yake: mlio, chakula, mate. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu. Pavlov alipoendelea kutoa mlio bila kuleta chakula, mate yalipungua mpaka yakakoma. Ungesema somo limefutika. Lakini mbwa akipumzishwa kisha mlio ukaletwa tena, mate yalirudi, ingawa kidogo. Somo la kwanza lilikuwa bado mle ndani. Lilikuwa limefunikwa na somo jipya: siku hizi huu mlio hauleti kitu.

Kwa hivyo ukisema mbwa wako amesahau, mara nyingi unasema uongo bila kujua. Ameona kwamba neno lako halina mshahara tena. Habari njema ni kwamba unaweza kumrudisha, na haichukui muda mrefu kama mara ya kwanza. Habari mbaya ni kwamba wa kulaumiwa ni wewe, na najua hiyo ndiyo sababu watu hawapendi kuisikia.

"Kwani nimlipe kila siku mpaka afe?" Hili swali nimeulizwa na wasee wengi, wengine wakiwa wameshika simu wanacheza kamari. Jibu liko kwenye hiyo simu. Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner, Wamarekani, walichapisha kitabu kizima kuhusu ratiba za kutoa tuzo kwa wanyama. Moja ya mambo yaliyojulikana kutokana na kazi ya aina hiyo ni hili: tabia inayolipwa mara kwa mara bila mpangilio unaotabirika huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko tabia iliyozoea kulipwa kila mara. Mtu akiweka sarafu kwenye mashine ya kuuza soda na isitoke, atajaribu mara moja au mbili, halafu ataondoka. Lakini kijana wa kamari anapoteza Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi bado yupo, kwa sababu ile siku alishinda hakujua inakuja. Kampuni za kamari zinalielewa hili vizuri na zinalitumia kutumaliza. Wewe litumie kwa wema. Mbwa akiwa mgeni kwenye somo, mlipe kila akipatia. Akishalijua, mlipe baadhi ya mara, na usimwonyeshe ni zipi. Leo omena mbili, kesho sifa na kukunwa kidevu, keshokutwa bure, siku inayofuata kipande cha nyama mpaka ashangae. Kitu kimoja tu usifanye: usifike sufuri.

Tena hatulalamiki mambo mengine yakihitaji kurudiwa. Mbwa anachanjwa kichaa cha mbwa, na mwaka ukiisha daktari wa mifugo anasema mlete tena. Hakuna anayemtukana mbwa kwamba kinga imeisha kwa sababu hana akili. Wachezaji wa Kakamega Homeboyz hawaambiwi kwamba kwa kuwa walifanya mazoezi msimu uliopita, msimu huu waje Bukhungu siku ya mechi tu. Ngoma yetu ya Isukuti, ya Waisukha na Waidakho, mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na wanaoipiga bado ni watu wenye kumbukumbu kubwa kuliko mbwa. Kitu kisichopigwa kinanyamaza. Tunalijua hili kila mahali, isipokuwa kwenye kibanda cha mbwa.

Na ukidhani haya ni mambo ya watu wa mitandaoni wenye mbwa wanaovaa sweta, vuka mpaka uende Morogoro, Tanzania. Huko shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likampa nishani ya dhahabu. Hiyo ndiyo habari iliyovuma. Mimi kilichonishika ni jinsi panya wa kifua kikuu wanavyofanya kazi. Panya anapita juu ya sampuli za makohozi, moja baada ya nyingine. Nyingi hakuna mtu anayejua kama zina ugonjwa, ndiyo maana ameitwa. Huwezi kumlipa kwa hizo, kwa sababu hujui kama amepatia. Kwa hivyo kati yake kuna zile ambazo kliniki tayari imezithibitisha. Akisimama kwenye hizo, anasikia mlio mdogo na kupewa chakula. Yaani ndani ya kazi yenyewe, kila zamu, kuna maswali ambayo mwalimu ana majibu yake. Hakuna mtu Morogoro aliyesema, huyu panya amehitimu, mnyimeni ndizi.

Mbwa wa kunusa wanatunzwa vivyo hivyo. Mizigo mingi inayopita uwanja wa ndege haina pembe za ndovu wala risasi. Mbwa akitafuta wiki nzima bila kupata chochote, pua itachoka. Ndiyo maana anayemwongoza humfichia vitu vya mazoezi, avipate, ashinde, arushiwe mpira wake. Hawa ndio mbwa tunaowasifu kwamba "hao ni wa kufundishwa". Siri yao ni kwamba hakuna siku waliyoambiwa mafunzo yameisha.

Sisi tunapenda mafunzo yanayoisha. Nafikiri ni ugonjwa wa vyeti. Nimeacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kuna watu wanaoniongelesha kama chakula kilichotolewa jikoni kabla ya kuiva. Sina shida. Lakini ninawajua pia watu wenye digrii ukutani ambao hawajafungua kitabu tangu siku ya kuvaa joho, na hao wanaitwa wasomi mpaka kaburini. Tumefundishwa kwamba kujua ni kitu unachopewa siku moja, unapigwa picha, unakula pilau. Ndiyo maana mtu analipa mkufunzi maelfu, mbwa anachukuliwa wiki sita, anarudishwa akiwa anakaa na kusalimia kwa mguu, familia inapiga video, halafu kesho yake anafungwa mnyororo. Miezi mitatu baadaye wanampigia mkufunzi: rudisha pesa, mbwa wako amesahau. Na wakufunzi nao wana makosa. Anayekuuzia mbwa "aliyekamilika" bila kukaa na wewe na kila mtu wa nyumba yako akuuzie pia neno na jinsi ya kulilinda, amekuuzia video.

Hapo kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi: mbwa hujifunza na mahali. Mbwa aliyejua "kaa" kwenye ua wa nyuma, saa kumi jioni, ukiwa umeshika mfuko wa omena, amejua hilo tu. Mpeleke Muliro Gardens penye watu na harufu za chipsi, au kando ya stendi ya boda, na atakuangalia kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kifaransa. Hajakudharau. Kwake hilo ni somo jipya, na unatakiwa kulianza tena kwa urahisi: mbali na kelele kwanza, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Mimi Bosco sikuwahi kumfundisha nje ya geti hata siku moja. Nilimfundisha ndani ya ua, nikapigiwa makofi, nikafunga begi nikaenda. Barabara hakuifahamu na sikumwachia mtu wa kumfahamisha. Katika kesi ya Bosco mimi ni mshtakiwa wa kwanza. Mjomba na sumu yake anafuata.

Na maneno. Nyumbani kwetu mimi nilisema "kaa", mdogo wangu alisema "keti", binamu wa Nairobi akija anasema kwa Kizungu, na kukhu anasema "ikhala" na kutarajia mbwa aelewe kwa heshima ya umri wake. Maneno manne, kitendo kimoja, halafu mbwa ndiye mjinga. Kaeni chini kama familia mkubaliane. Yaandikeni kwa kalamu nyuma ya mlango wa jikoni ikibidi.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote. La kwanza: mbwa wa ulinzi hatakiwi kuchezewa, atakuwa mpole. Mbwa anayeweza kuitwa akarudi si mpole, ni mbwa unayeweza kumtumia. Yule asiyeitika hakulindi. Anamngoja mtoto wa shule apite geti likiwa wazi, na siku hiyo utalipa wewe.

La pili: huyu ni wa kienyeji, si mbwa wa Kijerumani. Buda, huyu wa kienyeji amejua saa ya bucha kufungua, amejua sauti ya pikipiki yako kati ya pikipiki mia, amejua jirani yupi anatupa mawe na yupi anatupa mifupa. Yote hayo bila mwalimu. Usiniambie hafundishiki. Sema hujamfundisha.

La tatu ndilo zito: nani ana muda? Mama anaamka saa kumi na moja, mtu wa boda anarudi usiku, maisha ni magumu. Naliheshimu jibu hili kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hivyo. Lakini tuhesabu pamoja. Sisemi ukae saa nzima. Dakika tano zinatosha, tena uzigawanye. Kabla ya kumwekea ugali wake, mwambie akae. Hiyo ni sekunde kumi, na ugali alikuwa anaula tu. Kabla ya kufungua geti, asubiri. Mara tatu kwa siku mwite bila sababu yoyote, mpe kitu kizuri, umwachie aende zake. Hapo ndipo tulipokosea na Bosco: kila mara tulipomwita, uhuru uliisha. Akiitwa mara kumi na kufungwa mara moja, neno linabaki hai. Akiitwa mara moja na kufungwa mara moja, limekufa. Na kama unataka kumfunga au kumwogesha au umekasirika, usimwite. Nenda umchukue kwa miguu yako. Usilitumie jina lake na neno "njoo" kama mtego.

Na kama neno limeshaharibika, liache. Tafuta jipya, uanze upya kwa omena, karibu, ndani ya ua. Hakuna aibu.

Kama hata hizo dakika tano huna, sitakutukana. Ninakuomba tu usichukue mbwa. Nunua kufuli nzuri. Kufuli haisahau, haiumwi, na hakuna atakayeilisha sumu ikikosea.

Sasa hivi tuna mbwa jike anaitwa Chui, mweusi, wa mwaka mmoja na nusu. Hatumwiti kwa "njoo". Neno hilo kwenye boma letu lilizikwa na Bosco. Chui anaitwa kwa "hapa". Mama anasema "hapa", mdogo wangu anasema "hapa", hata kukhu, ingawa bado anaongeza maneno yake ya Kiluhya mbele na nyuma. Mjomba hasemi kitu, lakini nimemwona mara mbili akimtupia kipande cha mnofu baada ya kumwita, akidhani simwoni.

Jioni, saa kumi na mbili hivi, boda zinaporudi kutoka mjini, ninatoka na Chui nje ya geti nikiwa nimeshika kamba ndefu. Pikipiki inapita, masikio yanasimama, ninasema "hapa". Siku nyingi anakuja. Jana hakuja. Alivuta kamba mpaka ikanichubua kiganja, macho yote kwenye gurudumu. Mdogo wangu alikuwa amesimama getini, nikamwona anafungua mdomo kusema lile neno, amesahau. Halafu akaufunga.

Leo tutaanza mbali kidogo na barabara. Omena ziko mfukoni.